Veranda ya Vioo na Kichwa cha Mama Mkwe

Jumatatu, Mei 27

Naanza kuandika kwa sababu nimeshitakiwa, na mshitakiwa asiyeweka kumbukumbu huhukumiwa kwa kumbukumbu za wenzake. Shitaka ni kwamba saa zangu zinamuumiza kichwa Mama Mkwe.

Mimi ni fundi saa. Mimi na mke wangu tunaishi kwake tangu nyumba tuliyopanga iuzwe. Tulikuja kwa miezi miwili; huu ni mwaka wa pili. Meza yangu iko kwenye kona ya sebule, na ukutani ninatundika saa za wateja ili nizisikilize kama zimepona. Leo zilikuwa kumi na nne. Mama Mkwe hasemi nami moja kwa moja. Humwambia binti yake nami nikiwa papo hapo, na binti yake akiwa kazini huuambia ukuta.

"Tik, tik, tik," akauambia ukuta asubuhi. "Utadhani binti yangu ameolewa na mchwa."

"Nizipunguze, Mama?"

"Ukuta umesikia."

Jioni mke wangu, ambaye ni karani wa shule na amezoea kupeleka barua mbaya, alinifikishia agizo kwa upole. Kichwa kisipopona kabla baridi haijaisha, tutafute pa kuishi.

"Tutafute?" nikamuuliza.

"Wewe utafute," akasema. "Mimi nitakufuata."

Baridi imeingia kweli. Hita ya gesi inawaka tangu wiki iliyopita, kwa mara ya kwanza msimu huu.

Jumanne, Mei 28

Saa zote zimehamia stoo. Kichwa kinauma.

Alhamisi, Mei 30

Niieleze nyumba, nisije nikajisomea mwakani nikapotea. Hita imefungwa kwenye ukuta wa nyuma wa sebule. Aliyeifunga mwaka jana ni fundi gesi tunayemwita Rula, kwa sababu hata kiti hukipima kabla ya kukikalia. Mabomba mawili yanapenya ukuta na kutokea nyuma ya nyumba. La juu linatoa moshi wa hita, la chini linaivutia hewa. Siku ile Rula alizunguka nyumba nzima na Mama Mkwe akimfuata nyuma.

"Hapa hapana, Mama, ni chini ya dirisha lako, moshi utalala nawe. Hapa ni kona, upepo utaurudisha. Hapa kuna kichaka, kitaziba."

Mama Mkwe alikuwa na sharti moja tu, mabomba yasionekane barabarani. Wakapatana kwenye ukuta wa nyuma, mbali na dirisha na mlango, juu ya sakafu ya saruji isiyo na paa wala ukuta, palipokuwa na kamba ya nguo. Rula akaupiga ukuta kofi la kuagana. "Hapa inapumua," akasema.

Mwezi uliopita Shemeji, kaka wa mke wangu na fundi wa vioo, akamjengea mama yake veranda juu ya sakafu ile ile. Juu kuna paa, pande tatu ni vioo vitupu, na mlango ni wa kuteleza. Ni kazi safi, sikatai. Mabomba mawili sasa yanachungulia ndani ya veranda kama wageni waliofika mapema.

"Na haya?" nilimuuliza siku hita ilipowashwa.

"Ndiyo uzuri wenyewe, Shem! Joto lote hili lilikuwa linakwenda bure kwa majirani. Mimi nimelikamata." Akaweka kiganja mbele ya bomba la juu.

Nami nikaweka changu. Lilikuwa joto zuri. Nakiri kwa mkono wangu mwenyewe kwamba nilisema, "Akili nyingi."

Jumapili, Juni 2

Mama Mkwe ameshinda kwa dada yake mpaka jioni. Amerudi kichwa kizima.

"Siku nzima sijamwona," akamwambia mke wangu, akiniangalia mimi.

Upande wa mashitaka umepata pa kusimamia.

Jumanne, Juni 4

Shitaka limebadilika. Si mlio wa saa, ni harufu ya mafuta ya saa. Mafuta yenyewe ni tone linalokaa kwenye ncha ya sindano. Nimeyatoa nje. Kichwa kinauma.

Alhamisi, Juni 6

Ni namna ninavyokoroga chai. Nimekunywa bila kukoroga, sukari yote ikabaki chini. Kichwa kinauma.

Jumamosi, Juni 8

Nimechora jedwali. Safu ya kwanza ni tarehe. Ya pili, mimi nipo au sipo. Ya tatu, mvua au jua. Ya nne, hita. Ya tano, Mama Mkwe amekaa wapi. Ya mwisho, kichwa. Saa ikichelewa fundi haanzi kwa kuigombeza; huandika imechelewa lini na kwa kiasi gani. Sioni kwa nini mtu mzima astahili uangalifu mdogo kuliko saa.

Mke wangu ameliona. "Unampima mama yangu?"

"Najipima mimi."

"Mbona safu ya kichwa ni yake?"

Nimelihamishia chini ya godoro.

Jumatano, Juni 12

Mama Mkwe aliweka chungu cha ua kubwa mbele ya mabomba, yasimtazame akiwa anafuma. Ua limenyauka. Nimeambiwa, kupitia ukuta, kwamba nimelimwagia maji mengi. Sijawahi kulimwagia maji. Sasa nimeambiwa ndiyo sababu limenyauka.

Vioo vinatiririka maji kwa ndani kuanzia asubuhi. Shemeji anasema kioo kizuri hutoa jasho.

Jumamosi, Juni 15

Veranda imekuwa gumzo la mtaa. Shemeji aliwaleta watu watano waione, akawasha kiberiti kwenye kila kiungo cha fremu. Moto haukutikisika hata mahali pamoja.

"Mnaona? Hata pumzi ya nzi haipiti hapa. Nzi akitaka kuingia, aombe ruhusa kwa mama."

Wakapiga makofi. Wanne wameagiza za kwao. Mama Mkwe alikaa katikati ya vioo vyake kama pete dukani, mkono mmoja kwenye paji la uso.

"Kichwa?" akamuuliza Jirani Mshonaji, rafiki yake wa miaka yote.

"Kichwa, mwenzangu. Lakini usinitajie nani."

Wote watano wakanitazama.

Jumanne, Juni 18

Uhamisho. Mama Mkwe ameamua atakaa sebuleni, mimi na meza yangu twende verandani, tufunge na mlango. Nimemwambia mke wangu kwamba kwa mara ya kwanza nina ofisi yenye madirisha.

Jumatano, Juni 19

Kichwa cha Mama Mkwe kimepona. Changu kimeanza.

"Mnaona?" akamwambia binti yake kwa furaha ambayo sikuwahi kuisikia. "Kimerudi kwa mwenyewe."

Alhamisi, Juni 20

Kichwa. Nimefunga gurudumu la saa kinyumenyume. Nina miaka ishirini na miwili kwenye kazi hii na halijawahi kunitokea.

Ijumaa, Juni 21

Kinaniuma tangu saa tatu asubuhi. Saa tano nikatoka kumpelekea mteja saa yake. Sikufika mwisho wa barabara, kichwa kikawa chepesi. Nikadhani ni furaha ya kuwa mbali na nyumbani, jambo ambalo nimewahi kulihisi. Nikarudi mezani. Nusu saa, kimerudi. Nikatoka tena nikasimama uani kwenye manyunyu kama mtu aliyesahaulika. Kikapungua. Nikaingia. Kikarudi.

Basi nikasogeza chungu cha ua lililokufa nikayatazama mabomba yale mawili. La juu linapumua nje, la chini linapumua ndani. Na yote mawili yamefungiwa chumba kimoja ambamo pumzi ya nzi haipiti. Hita inatoa moshi wake, kisha inauvuta huo huo, na yeyote aliyekaa humo anagawiwa fungu lake.

Nikaenda sebuleni nikachungulia kidirisha cha hita. Mwaka jana moto ulikuwa wa bluu. Leo ni wa njano na una ndimi ndefu.

Nikatoa jedwali chini ya godoro. Mimi nipo, mimi sipo, haikuleta tofauti yoyote. Safu zilizokwenda sawa na kichwa ni mbili tu, hita kuwaka na mtu kukaa verandani.

Sina hatia. Sikumbuki kuwahi kupata habari njema iliyonitisha namna hii.

Jumamosi, Juni 22

Nimekipata kijitabu cha hita kwenye droo ya vijiko. Kinasema bomba la moshi litokee nje penye hewa ya wazi, na mahali linapotokea pasijengewe, pasizibwe, pasifunikwe. Kinasema moto wa njano ni dalili ya hatari. Kinasema mtu akiumwa kichwa au akizidiwa na usingizi, hita izimwe na watu watoke. Kiko nyumbani humu tangu mwaka jana, chini ya kifungulio cha chupa.

Jumapili, Juni 23

Kikao cha familia, baada ya chakula cha mchana. Nilikuwa na jedwali na kijitabu. Shemeji alikuwa na sauti.

"Kinasema litokee nje, Shem. Liko nje! Ukuta wa nyumba huu hapa, bomba liko ng'ambo yake. Mimi nimelisogeza?"

"Hukulisogeza. Lakini pale si nje tena. Nje ni mahali mvua inapokupata."

"Kwa hiyo mtu mwenye mwavuli yuko ndani?"

Mama Mkwe alicheka mpaka akashika mbavu. Hata mke wangu alicheka, kisha akaomba radhi kwa macho.

"Mama," nikasema, moja kwa moja, jambo ambalo halifanyiki, "ile hewa ni sumu. Haina harufu. Ndiyo inayokuumiza kichwa."

Mama Mkwe akageukia ukuta. "Mwanangu amenijengea kwa mikono yake kitu ambacho mtaa mzima unakitamani. Na mtu aliyekuja kwa miezi miwili anakiita sumu."

Nikakunja jedwali langu. Naandika haya ili nisije nikajisingizia ujasiri. Nilikuwa na maneno mengine, nikayameza, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuanza kuhesabu vyumba vya kupanga.

Jumatatu, Juni 24

Nimerudisha meza sebuleni, nimesema mwanga wa kule haunifai. Mama Mkwe amerudi kwenye kiti chake verandani. Kichwa kinamuuma. Sikufurahi hata kidogo, na hilo limenishangaza.

Jumatano, Juni 26

Nimeanzisha vita vya mlango. Nikipita verandani nauacha wazi. Mama Mkwe anaufunga. Naenda kuchota maji ambayo hayahitajiki, nauacha wazi. Anaufunga. Leo ni mara kumi na moja kwa kumi na moja.

Ijumaa, Juni 28

Nimeweka kipande cha mti kwenye reli ya mlango. Kimeonekana jikoni, kimekatwa vipande viwili.

Jumanne, Julai 2

Shemeji amefunga springi. Mlango sasa unajifunga wenyewe, kwa nguvu, kama mtu aliyetukanwa.

Ijumaa, Julai 5

Nimefunga mtungi wa gesi kule uani, kimya kimya. Hita ikazimika. Mama Mkwe akamwita Shemeji, Shemeji akakagua hita kwa saa nzima kwa uso wa daktari bingwa, kisha akakuta mtungi umefungwa. Akaufungua. Aliniangalia tu, namna mtu anavyomwangalia mbwa aliyebeba kiatu.

Jumanne, Julai 9

Mvua siku ya tatu. Mama Mkwe ameanguka mlangoni mwa jikoni asubuhi. Amesema ni utelezi. Sakafu ilikuwa kavu. Nilipiga magoti nikaigusa.

Nikampigia simu Rula, ambaye yuko mji mwingine kwa kazi ya miezi. Nilikuwa na namba yake wakati wote. Nilimweleza tangu paa mpaka springi.

"Zima," akasema. "Usinisubiri mimi wala mtu mwingine yeyote. Zima sasa hivi, fungua kila kinachofunguka. Nakuja Jumamosi. Na huyo aliyefunga vioo mwambie asikimbie."

Nimezima hita, nimefunga mtungi. Nimewaambia wote mezani kwamba fundi aliyeifunga amekataza isiwashwe. Mama Mkwe amejifunika blanketi mbili na hasira. Hata ukuta hakuuambia kitu.

Jumatano, Julai 10

Nitaandika kwa mpangilio ingawa mkono wangu umefungwa bendeji.

Saa nane mchana nilikwenda posta kurudisha saa yao kubwa ya ukutani. Mke wangu alikuwa shuleni. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya kutokata tamaa. Nilirudi saa tisa na nusu. Nilipofungua mlango wa mbele nikapokewa na joto. Hita ilikuwa inawaka, ndimi za njano mpaka juu.

Baadaye nilijua ilivyokuwa. Jirani Mshonaji alikuja kumpima Mama Mkwe gauni, akamkuta anatetemeka, akasema baridi itamuua. Wakaenda wenyewe uani na kufungua mtungi. Kisha wakakaa verandani, wakafunga mlango vizuri.

Nikazungukia nyuma ya nyumba, nikawaona kupitia kioo. Jirani Mshonaji alikuwa amelaza kichwa kwenye mapaja yake juu ya kitambaa, utepe wa kupimia umemzunguka shingo. Mama Mkwe alikuwa amekaa wima, mashavu mekundu, anatabasamu. Nikasukuma mlango. Aligeuka polepole akaniona.

"Mwanangu," akasema, "umerudi. Njoo ukae karibu na mama. Unafanya kazi sana. Una mikono mizuri, nani alikuambia hapana?"

Nilipata baridi ambayo haikuwa ya hali ya hewa. Miaka saba nimekuwa mkwe wa mtu huyu. Sikuhitaji daktari aniambie kwamba anakufa.

Nilimshika Jirani Mshonaji kwanza kwa sababu alikuwa hajibu. Ni mama mwenye mwili. Nilimburuta mpaka mlangoni, ile springi ikaufunga mlango kwenye kisigino changu. Nikausukuma, ukarudi. Nikiushika sina mkono wa kumshikia yeye. Nikimshika yeye mlango unatufungia. Nikamwacha chini, nikachukua kigoda, nikapiga kioo. Shemeji anatumia mali ngumu. Pigo la kwanza kigoda kilirudi kikanigonga kifua. La tatu kioo kilimwagika chote, kikanikata mkono, na mvua ikaingia.

Nilimtoa Jirani Mshonaji nikamlaza uani. Nikamrudia Mama Mkwe. Nilimpitisha mikono kwapani, nikamkumbatia kwa nyuma, nikamnyanyua. Kumkumbatia Mama Mkwe si jambo lenye maelekezo katika adabu yoyote ninayoijua.

"Taratibu, mwanangu," akasema. "Utaumia mgongo."

"Nyamaza, Mama! Vuta hewa!"

Nimemwambia Mama Mkwe anyamaze. Na akanyamaza, jambo lililonitisha kuliko yote.

Niliwakalisha kwenye tope, mvua ikiwanyeshea usoni, nikafunga mtungi, nikapiga kelele mpaka mtaa ukatoka. Jirani Mshonaji alikohoa, akatapika, akauliza sindano zake ziko wapi. Mama Mkwe alitapika pia. Kisha akafumbua macho, akaniona nimemshika bega, akaona tope, akaona kioo.

"Wewe," akasema, kwa sauti yake ile ya siku zote, "umenivunjia veranda."

Nililia. Mtaa mzima uliona. Walidhani ni kwa sababu ya mkono.

Alhamisi, Julai 11

Wamelazwa, wamevishwa vinyago vya kupumulia. Daktari amesema ni hewa ya sumu ya moto usiopata hewa, na kwamba wangekaa nusu saa zaidi. Hakumaliza sentensi, na hakuna aliyemwomba aimalize.

Mke wangu alisoma jedwali lote kwenye benchi la hospitali.

"Ulijua tangu tarehe ishirini na moja."

"Nilijua."

"Mbona hukupiga kelele kama jana?"

"Nilimwogopa mama yako."

"Umemwogopa mama kuliko kifo?"

"Wewe humwogopi?"

"Namwogopa," akasema, akaniegemea begani. Tulikaa hivyo. Siku kumi na nane nilijua, nikapigana na mlango badala ya kupigana na watu. Nimeliandika ili likae.

Shemeji alikuja ameanza kufoka kuhusu kioo tangu kwenye ngazi, tulimsikia. Akaingia wodini, akamwona mama yake na kinyago. Akatoka bila sauti, akakaa chini ukutani, mikono kichwani.

Jumamosi, Julai 13

Rula amefika na kipimo chake. Alisimama verandani, akatazama paa, vioo vilivyobaki, bomba la juu, bomba la chini. Kisha akapima umbali wa mabomba kutoka sakafuni, kutoka kwenye dirisha, kutoka kwenye kona. Vyote vilikuwa vile vile alivyoviacha.

"Bomba halijasogea hata unywele," akasema. "Nyumba ndiyo iliyolifuata."

Shemeji alisema, kwa unyonge ambao sikuuzoea, "Nikitoboa matundu mawili matatu kwenye kioo?"

"Ukimziba mtu pua kisha ukamtobolea shati, atapumua?"

Ametupa njia mbili. Vioo na paa vitoke, au mabomba yote mawili yahamishwe hadi ukuta mwingine ulio wazi, na ukuta pekee unaofaa unatazama barabarani. Mpaka hapo hita haiwashwi. Mtungi ameondoka nao ndani ya gari lake, maana sisi anatujua.

Jumatatu, Julai 15

Mama Mkwe amerudi nyumbani. Amesikiliza njia mbili. Mabomba barabarani, au veranda ibomolewe.

"Bomoa," akasema.

Shemeji akainuka. "Mama, ile kazi..."

"Kazi yako nzuri, mwanangu. Ndiyo iliyotaka kuniua. Ungekuwa fundi mbaya ningepata upenyo."

Kisha akauliza swali ambalo sisi wote, na vichwa vyetu vizima, hatukuwa tumeliuliza. "Wale wanne walioagiza, umeshawajengea?"

Shemeji alitazama viatu vyake. Watatu ameshawajengea. Na kati ya hao, wawili wana hita.

"Na mabomba yao?"

"Nimeyakamata," akasema Shemeji, karibu asisikike.

Mama Mkwe akadai viatu vyake.

Jumanne, Julai 16

Wa kwanza alikubali mara moja. Alikuwa anaumwa kichwa wiki mbili na alikuwa amekwisha kumfukuza mpangaji wake kwa sababu hiyo.

Jumatano, Julai 17

Wa pili ni mwalimu mstaafu anayeishi peke yake. Tulikwenda watatu: Mama Mkwe mbele, Shemeji na vifaa, mimi na kijitabu. Alitufungulia veranda kwa majivuno. Joto lilitupiga usoni, na kioo kilikuwa kinatiririka.

"Zima hita, Mwalimu," akasema Mama Mkwe.

"Nizime? Huyu kijana aliniambia ni joto la bure. Alinionyesha na kiberiti!"

"Alikosea," akasema Mama Mkwe.

"Nilikosea," akasema Shemeji. Nilisikia neno lile likimtoka kama jino.

Nikasoma kijitabu. Mwalimu akaniomba nirudie mstari wa tatu, akasahihisha matamshi yangu, akasema vitabu vya viwandani huandikwa na waoga. Yeye amekaa humo wiki nzima na anajisikia vizuri kabisa, ila usingizi tu.

"Usingizi," akasema Mama Mkwe. "Mimi pia nilikuwa na usingizi. Nilikufa kidogo, Mwalimu. Jumatano iliyopita, saa tisa mchana. Nilikuwa na furaha mno, nikawa nasema maneno mazuri kwa watu nisiowapenda. Ukiona umeanza kuwapenda watu, ujue umekwisha."

Mwalimu alicheka. Mama Mkwe hakucheka. Alikwenda kizingitini, pale mlango unapoteleza, akaketi chini, mgongo kwenye fremu, miguu nje kwenye baridi. Mlango haukuweza kufungwa.

"Mama, inuka, utapata homa," akasema Mwalimu.

"Nitainuka vioo vikitoka."

"Hii ni nyumba yangu!"

"Nami ni mgeni wako. Lete chai."

Alikaa saa moja na dakika arobaini. Nilizihesabu, ndiyo kazi yangu. Mwalimu alileta chai. Alileta mto. Mwishowe alikwenda mwenyewe kuzima hita, akarudi anafuta macho, akasema kichwa kweli kilikuwa kinamgonga, ila alidhani ni umri.

Shemeji akalegeza skrubu za kioo cha kwanza, kile kikubwa cha katikati. Kioo hicho hakibebwi na mtu mmoja. Alinitazama. Hatukuwa tumesemezana tangu hospitali. Nikaweka kijitabu mfukoni, nikashika upande wa pili, mkono wangu wenye bendeji ukiwa chini. Kikatoka. Kilikuwa kizito kuliko ninavyoweza kuandika. Shemeji akarudi nyuma, mimi nikasonga mbele, kona ikagonga ukuta.

"Inua upande wako, wewe!" Mama Mkwe alifoka kutoka kizingitini. "Na wewe hapo nyuma, huna macho? Mtavunja! Hamsikii, wala mmoja! Sijui niliwazaa siku gani!"

Shemeji alisimama na kioo mkononi, akanitazama kupitia katikati yake. Nami nikamtazama.

"Mmesimama nini?" akasema Mama Mkwe.

Tukainua.